Mmetiwa Ganzi!

Luhende Malimi alikuwa na neno moja la kumalizia kila hotuba, nalo ni hilo: "Mmetiwa ganzi!" Alilitumia kwenye mikutano ya mwalo, ule ufukwe wa ziwa ambako mitumbwi hushusha dagaa, alilitumia msibani, alilitumia hata kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, ambako alipewa nafasi ndogo ya kuwashukuru wageni akaitumia kuuliza bomba la maji la mtaa liliishia wapi. Bei ya dagaa ikishuka, wananchi wametiwa ganzi. Taa ya barabarani ikizimika, wametiwa ganzi. Timu ya mtaa ikifungwa nyumbani, ganzi. Akina mama wa dagaa walipomwona anapanda juu ya kreti walikunja kanga zao wakaambiana, "Haya, jamani, twendeni tukatiwe."

Aliuza viroba vitupu na kamba kwenye mwalo mmoja mdogo pembeni ya Kirumba. Shule aliishia darasa la saba. Mengine yote alijisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyokuja yamefungiwa maandazi. Ndiyo maana elimu yake ilikuwa na madoa ya mafuta: alijua mwanzo wa kashfa nyingi za nchi hii, ila mwisho wake ulikuwa umebaki kwenye andazi la mtu mwingine. Hilo halikumzuia kuzihutubia.

Kwa kumbukumbu hakuna aliyemweza. Kichwa chake kilikuwa kama jokofu la sangara. Kilichoingia humo kiliganda, hakikuoza, na ukikitoa baada ya miaka mingi bado macho yanakutazama. Alimkumbuka mwalimu mkuu aliyewalimisha wanafunzi shamba lake la pamba akaliita somo la kilimo. Alimkumbuka karani aliyemwambia "njoo kesho" mpaka karani mwenyewe akastaafu. Alikumbuka kila ahadi iliyotolewa pale mwaloni, na rangi ya shati alilovaa mtoa ahadi.

Mtu wa namna hiyo akipata maumivu, maumivu hayawezi kukosa mshtakiwa.

Yalikuwa kinenani, upande wa kulia. Yalianza baada ya kupasuliwa ngiri katika hospitali moja ng'ambo ya ghuba, wakati ule watu wa Sengerema wakisubiri kivuko, kabla ya daraja kufunguliwa. Aliyemuuliza ngiri ilimtokaje aliambiwa habari za gunia la dagaa alilolinyanyua peke yake, gunia ambalo liliongezeka uzito kila liliposimuliwa. Ukweli aliujua yeye na mkewe Paskazia tu. Ngiri ilimtoka akiwa juu ya kreti, katikati ya neno "ganzi". Alilivuta lile "ga" kwa nguvu zote za tumbo, na kabla hajafika kwenye "nzi", kitu kikachomoza chini ya mkanda.

Walimpasua vizuri. Kidonda kikafunga, uvimbe ukaisha. Kilichobaki ni kuchoma, kama mtu ameacha kijinga cha moto ndani ya nyumba kisha akafunga mlango na kuondoka na funguo. Akikohoa, mkono kinenani. Akicheka, mkono kinenani. Kwa hiyo akaacha kucheka, jambo ambalo halikuonekana sana, maana hata zamani hakuwa mchekaji. Kusimama ndiko kulikomtesa zaidi. Akisimama kidogo tu, ule moto unaanza kupanda, naye anajikunja taratibu kama kisu cha mfukoni.

Na kusimama ndiko alikokuhitaji. Mwenyekiti wa mwalo, Shimba, alikuwa amekuja na mpango wa kuzihamisha chanja zote za kuanikia dagaa kutoka ufukweni, azipeleke nyuma ya ukuta mrefu wa ghala, ili ufukwe "upendeze". Kwenye mkutano wa kwanza Luhende alipanda kreti kumjibu. Alianza vizuri, na bomba la maji. Alipita kwa mwalimu mkuu. Alikuwa bado hajafika kwenye chanja wakati moto ulipompanda, mkono ukashuka wenyewe ukashika pale, mbele ya mwalo mzima.

"Mzee Luhende," Shimba alisema kwenye kipaza sauti, kwa upole wa kuudhi, "hiyo hoja umeishika wapi?"

Walicheka mpaka kuku wakahama. Mkutano ukaahirishwa hadi Alhamisi ya wiki mbili zijazo, na Luhende akaapa kwamba siku hiyo atasimama wima mwanzo mpaka mwisho, vinginevyo chanja zitahama. Hakuona mwingine wa kuzizuia. Wengine wote, kwa maoni yake, walikwisha kutiwa ganzi.

Akaenda zahanati. Daktari kijana alimbonyeza, akamwambia, "Mzee, hapa ni mshipa. Mshipa umenaswa kwenye kovu."

Sasa mshipa ni jina la vitu vingi mno kwa mpigo. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu ni mshipa. Na ngiri yenyewe, mtu akiona haya kuitaja, husema fulani ana mshipa. Daktari alisema ule wa pili. Luhende alisikia ule wa tatu. Alitoka pale bila kuuliza swali hata moja, maana mwenye majibu haulizi: kumbe walimpasua, wakamshona, na mshipa wakauacha mlemle!

Asubuhi yake kipande cha boksi kilikuwa kimening'inia mbele ya viroba vyake, kimeandikwa kwa herufi kubwa: NILIPASULIWA, MSHIPA WAKAUACHA. Alikusudia kuuamsha umma. Umma uliamka kwa namna yake. Nestory, mwendesha bodaboda wa Kijita aliyeegesha pale, alichukua mkaa akaongeza chini yake: ATAKAYEUONA AURUDISHE. Wapita njia wakasimama kutoa pole. Na kwa kuwa kuna wanaoita mshipa hata busha, akina mama wa dagaa walimzunguka Paskazia kwa huruma kubwa.

"Pole, mayu, pole mama," mmoja alimwambia. "Sasa kitandani unapata nafasi?"

Paskazia alienda moja kwa moja kwenye boksi, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya kwapa. "Alhamisi asubuhi," alimwambia mumewe, "unakwenda Buhongwa. Kuna daktari wa maumivu. Usiniambie una mkutano. Mkutano ni alasiri."

"Nitaenda nikamhoji."

"Kamhoji umelala chali."

Hospitali ilikuwa njia ya Shinyanga, jengo jipya lenye harufu ya rangi. Mwanamke mwenye koti jeupe aliinuka mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Luhende alisoma kibao mlangoni: Dkt. Kokushubira. Alimgeukia Paskazia akanong'ona, kwa sauti aliyozoea kunong'onea mikutanoni: "Mhaya."

"Mhaya wa Kamachumu, baba," daktari alisema huku akinawa mikono. "Na wewe Msukuma wa wapi?"

"Magu. Na ninawajua ninyi. Mlitutangulia shule, mpaka leo hamjaacha kutukumbusha."

"Na ninyi mkatutangulia ng'ombe, mpaka leo hamjatupa hata mmoja. Panda kitandani."

Alimpapasa kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayejaribu ndizi kama imeiva. Hapa? Hapana. Hapa? Hapana. Na hapa? Luhende alimwita mama yake mzazi, ambaye alikwisha kufariki.

"Tumefika," alisema daktari.

Paskazia alitoa boksi, akalikunjua juu ya meza. Daktari alilisoma, sehemu ya juu na ile ya mkaa, akageuka dirishani kwa muda mabega yakimtetemeka. Aliporudi uso ulikuwa umetulia.

"Mzee, ngiri ilikwenda zake. Waliitengeneza vizuri sana. Pale palipokuwa pametoboka wakaweka wavu wa kuziba."

"Wavu?"

"Wavu mdogo wa plastiki. Unabaki humo."

Luhende aliinuka kwa kiwiko. "Macho yake ukubwa gani?"

"Macho?"

"Macho ya wavu! Sisi huku mtu akikutwa na wavu wa macho madogo, unachomwa moto hadharani, mwenyewe anapelekwa mahakamani. Mimi nimesimama kwenye mikutano ya doria nikawatetea wavuvi, kumbe ninao tumboni?"

Paskazia alijifunika uso kwa mtandio.

"Ni madogo sana," alisema daktari bila kucheka. "Wavu haramu kabisa. Na nadhani pale ulipo, wewe umevua mshipa. Si ngiri. Mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, kazi yake kupeleka habari kichwani. Umenaswa kwenye kovu, hauwezi kutoka, basi unalalamika."

"Unapeleka habari gani?"

"Kwamba umepasuliwa."

"Si nilipasuliwa kweli?"

"Ulipasuliwa. Ukapona. Wenyewe haujasikia. Unarudia habari ileile kila siku, kwa nguvu ileile, na mtu akiugusa kidogo ndiyo kabisa unaanza upya tangu mwanzo."

Paskazia alishusha mtandio akamtazama mumewe kwa makini, kisha daktari. "Huo mshipa una jina, dokta?"

"Unalo, refu la kitaalamu."

"Mimi nauita Luhende."

Daktari alishindwa, akacheka kweli. Luhende hakucheka, kwanza kwa kanuni, pili kwa kinena.

"Sasa matibabu," daktari alisema. "Nitautafuta kwa mashine ya picha, kisha nitachoma sindano jirani yake. Maumivu yakikata, tutajua huyo ndiye mwenyewe. Kwa wengine yanakata kwa saa chache tu. Kwa wengine wiki, kwa wengine zaidi, na tukirudia mara kadhaa mshipa unaweza kutulia. Sikuahidi kwamba yataisha kabisa. Nakuahidi kujaribu."

Luhende alipenda hapo pa kutoahidi. Katika jokofu lake lote hakuwa na mtu wa namna hiyo. "Na ndani ya sindano kuna nini?"

"Ganzi."

Luhende aliinua kichwa. Feni ilionekana kusita.

"Rudia."

"Ganzi, mzee. Ya kawaida tu, kama ya kung'olea jino."

Luhende aliteremsha miguu kitandani. Alionekana mtulivu, kama mtu aliyesubiri miaka mingi adui amfikie, na sasa amefika amevaa koti jeupe. "Paskazia, nipe viatu. Nilijua. Siku ileile ya mkutano! Wameona hawaniwezi kwa hoja. Nani amekutuma, mwanangu? Shimba?"

"Shimba ndiye nani?"

"Wote husema hivyo. Maisha yangu yote nawaambia watu wasikubali kutiwa ganzi, leo nilale hapa nitiwe kwa hiari yangu? Nitawaambia nini?"

"Utawaambia umepona," Paskazia alisema.

"Mwanaharakati haponi!"

Hilo alilitamka kwa sauti ya jukwaani, kidole juu, na lingekuwa neno zuri la kufungia kama asingevuta pumzi kubwa iliyojaa harufu ya rangi mpya. Pua ilimwasha. Paskazia aliuona usoni pake ule wasiwasi wa mtu anayeona tofali likidondoka. Luhende alijaribu kuizuia chafya kwa vidole, akaibana kwa mdomo, akaiombea Mungu. Ilikuja na nguvu zake zote.

Waliposikia tena sauti yake, ilikuwa inatokea kwenye mto wa kitanda. "Nichome," ilisema. "Ila iandikwe kwamba nilipinga."

Mashine ilikuwa ileile ya kutazamia wajawazito. Luhende alionyeshwa tumbo lake kwenye kioo, jeusi, lenye mawimbi ya kijivu, akauliza kama ni wa kiume au wa kike. Aliuliza kwa dharau, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa sindano. Ilichoma, ikasukuma, ikabana. "Sasa tungoje," alisema daktari.

Wakangoja. Na katikati ya kungoja, pasipo mlio wowote, ule moto ukazimika.

Haukupungua. Ulizimika, kama jenereta ya jirani ambayo hukujua inapiga kelele kiasi gani mpaka siku ilipoishiwa mafuta. Luhende alilala akitazama dari. Alikohoa kidogo, kwa majaribio. Kimya. Akakohoa kwa nguvu. Kimya.

"Vipi, mzee?"

Alifungua mdomo, akakuta hana la kusema. Paskazia, ambaye hakuwahi kuliona jambo hilo katika ndoa yao, alisogea kumgusa paji la uso.

Hofu ilimjia polepole. Akiwa amelala pale alianza kuitafuta hasira yake, kama mtu anavyopapasa mifuko akitafuta simu. Alifungua jokofu. Akamtoa mwalimu mkuu: yupo, amevaa shati lake, lakini anaonekana mzee wa kawaida tu. Akamtoa karani: maskini, naye alikuwa na bosi wake. Akalitoa bomba la maji, lile ambalo likitajwa tu damu humchemka, akalitazama kama picha ya bomba la watu wengine. Hivi miaka hii miwili yote tangu apasuliwe, kilichokuwa kikiunguruma juu ya kreti ni nini, haki ya wananchi au kinena?

"Dokta, hii ganzi inafika mpaka wapi?"

"Hapo hapo tu. Ila sikiliza vizuri." Daktari aliinama, akatamka neno kwa neno. "Wakati mwingine inatambaa kidogo, inaingia kwenye mshipa wa paja. Mguu unalegea kwa saa kadhaa, kisha unarudi wenyewe. Kwa hiyo unalala hapa mpaka nije niupime. Usisimame bila mtu wa kukushika. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Walielewana mpaka daktari alipotoka kwenda kwa mgonjwa mwingine na Paskazia alipokwenda dirisha la dawa, kwenye foleni. Hapo Luhende alitazama saa ya ukutani. Alasiri ilikuwa inakaribia. Alishuka, akakanyaga sakafu: mguu upo. Akasimama wima, mara ya kwanza tangu apasuliwe, akajiona kwenye kioo cha mlango, mrefu kuliko alivyojikumbuka. Ikabidi ajipigie saluti. Kisha akampigia simu Nestory, aliyekuwa akiwangoja getini.

"Ngosha!" Nestory alimtania kwa jina la Wasukuma alipomwona anatembea kuelekea kwenye pikipiki. "Umenyooka! Mshipa umeurudisha?"

"Endesha, acha utani. Leo Shimba ananitambua."

Walipita mjini upepo ukimpepea shati, naye alikuwa akiipanga hotuba: bomba, mwalimu mkuu, karani, chanja, ganzi. Karibu na Kirumba aliona goti la kulia linaanguka pembeni ya pikipiki kila anapolirudisha. Akalishika kwa mkono akalirudisha tena. Pikipiki, alijiambia. Mtikisiko.

Mkutano ulikwisha kuanza. Shimba alikuwa amesimama chini ya turubai na kipaza sauti, akieleza jinsi ufukwe utakavyopendeza, na akina mama wa dagaa walikuwa wameketi mchangani mbele ya chanja zao. Modesta, mwembamba, mwenye chanja ya mwisho kule, alikuwa ameunyosha mkono juu kama alivyounyosha mkutano uliopita, na kama mkutano uliopita hakuna aliyeuona.

"Pisheni," Luhende alisema. Nestory alimsaidia kushuka, akamsaidia kupanda kreti. Hilo kreti lilikuwa jirani na turubai jingine, lililotandikwa mchangani, walipomwaga dagaa wabichi kungoja uamuzi. Alisimama. Hakujikunja. Mkono wake haukushika popote. Minong'ono ikapita: mzee amenyooka! Shimba mwenyewe alirudi nyuma hatua moja.

Luhende aliipenda ile minong'ono mno. Akaona aanze na mwisho, bomba lisubiri. Akainua mikono yote miwili, akajaza kifua, akalivuta lile neno kutoka chini kabisa.

"Ndugu zangu! Mmetiwa ga—"

Mguu wa kulia ukaondoka. Haukuteleza wala kuuma, ulijiuzulu tu, bila taarifa. Alikwenda upande kama mti uliokatwa, taratibu mwanzoni, akiwa bado ameinua mikono, akatua makalio kwanza katikati ya dagaa wabichi. Waliruka pande zote. Mmoja alibaki juu ya sikio.

Shimba akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Samahani, mzee wetu. Tumetiwa nini?"

Luhende alishusha mikono, iliyokuwa bado hewani.

"Si ninyi," alisema. "Ni mimi. Nimetoka kutiwa sasa hivi, Buhongwa."

Nestory ndiye aliyeanza. Kisha akina mama, kisha wabeba mizigo, kisha Shimba mwenyewe, ambaye alilazimika kukiweka chini kipaza sauti. Ikawa kicheko cha mwalo mzima, watu wanashikana mabega, watu wanajipiga mapaja. Luhende aliwatazama akiwa ameketi katika dagaa, na kitu kikaanza kumtikisika tumboni. Mkono wake ulikimbilia kinenani kwa mazoea. Hapakuwa na kitu pale. Basi akacheka. Alicheka kama mtu anayelipwa malimbikizo, mpaka machozi, mpaka akakosa pumzi, na hotuba yote, tangu bomba mpaka ganzi, ikamtoka kichwani.

Hivyo basi, watu walipochoka kucheka, pakawa na kimya, na ndani ya kimya hicho hapakuwa na Luhende. Jambo kama hilo halikuwahi kutokea pale mwaloni. Modesta alitazama kulia na kushoto, akaona hakuna anayesema, akashusha mkono.

"Mimi naomba kuuliza. Nataka kuuliza tangu siku ile. Huko nyuma ya ukuta, jua linafika saa ngapi?"

"Jua?" alisema Shimba.

"Asubuhi kuna ule mlima wa mawe, unalizuia. Alasiri kuna ukuta, unalizuia. Dagaa wanakauka saa ngapi?"

Shimba alifungua faili lake, akalifunga. "Jua lipo. Jua liko kila mahali, mama."

"Basi twende tukalione," alisema Modesta. "Si ni sasa hivi tu, na hapo ni karibu."

Wakainuka. Akina mama wote wakajipangusa mchanga, wabeba mizigo wakafuata, na Shimba akabebwa na ule umati atake asitake. Luhende alijaribu kuinuka naye. Mguu ulikataa.

"Ngojeni! Modesta! Kabla hamjaenda, kuna suala la bomba la maji—"

"Inatosha, mzee," Modesta alisema bila kugeuka. "Kaa hapo hapo."

Wakaenda. Akabaki peke yake na kreti, kipaza sauti mchangani, na kunguru mmoja aliyekuwa akiwatazama dagaa. Kutoka nyuma ya ukuta alisikia sauti zikipanda. "Kivuli kitupu!" mtu alipiga kelele. "Huku unaweza kutunza maziwa!" Kisha sauti ya Shimba, ndogo, bila kipaza: basi, basi, chanja zibaki kwanza, tutaangalia upya. Na vigelegele.

Wameshinda. Wameshinda bila mwalimu mkuu, bila karani, bila neno moja la hotuba yake. Swali lenyewe lilikuwa limeketi pale mkutano uliopita wote, mkono juu, likimngoja yeye amalize.

Na hapo, ndani ya kifua, kitu kikamchemka. Hivi kweli! Miaka yote ya kusimama juu ya kreti, leo "kaa hapo hapo"? Na Modesta huyu, ambaye mama yake alikopa kamba kwake, mwaka ule wa mvua nyingi, amevaa gauni la njano, na hakurudi kusema hata asante! Luhende aliganda. Akajisikiliza. Akamtoa mwalimu mkuu: yule mwizi! Akalitoa bomba: damu ikachemka! Hasira ilikuwepo, nzima, imejaa tele, wala haikushuka kinenani hata kidogo. Akapiga ngumi katika dagaa kwa furaha.

"Ninayo!" alimwambia kunguru. "Bado ninayo yote!"

Paskazia alimkuta hivyo. Alikuwa ameteremka kwenye pikipiki ya kukodi na mfuko wa dawa mkononi, na uso ambao Luhende aliujua.

"Daktari amekutafuta mpaka chooni."

"Mguu umelala kidogo tu."

"Nauona." Alimtoa yule dagaa sikioni, akamtupia kunguru. "Anasema urudi baada ya wiki mbili, wachome tena. Safari hii watakufunga na kitanda. Inauma?"

Luhende alifikiri. Vumbi la dagaa wakavu lilikuwa limeingia puani, na kabla hajajibu akapiga chafya, kubwa, yenye mwangwi. Wote wawili waliutazama mkono wake. Ulikuwa umefika katikati ya njia, ukasimama, ukarudi zake.

"Haiumi," alisema. Kisha, kwa kuwa ni mkewe, akaongeza, "Usiku inaweza kurudi."

"Ikirudi tutaipokea. Mguu wenyewe utaamka saa ngapi?"

"Jioni."

Paskazia aliangalia ziwa, akaliangalia jua lililokuwa bado juu, akavuta kreti akaketi. Alijua hawezi kumbeba, na Nestory alikuwa nyuma ya ukuta anashangilia na wengine.

"Haya," alisema, akikusanya mtandio magotini. "Una mpaka jioni. Anza na bomba."

Luhende alijipangusa magamba kwenye viganja, akakohoa kusafisha sauti, akaanza.